Mwongozo kwa Mfamasia Mwenye Haraka

Mwanafunzi wangu, umeshajua dawa inavyosafiri ndani ya damu. Sasa jifunze inavyosafiri kutoka dirishani hadi nyumbani kwa mgonjwa, maana huko ndiko dozi nyingi zinakopotelea.

1. Amkia kwanza. Mzee wa umri wa babu yako yuko foleni tangu alfajiri. Mpe shikamoo kabla ya kumwuliza habari za haja ndogo. Halafu usiulize kwa sauti ya mpiga debe; kibofu chake hakihusu foleni nzima. Msogeze pembeni.

2. Acha hesabu. “1×3” jibu lake ni tatu, na mgonjwa anaweza kumeza vidonge vyote vitatu kwa mpigo. Taja saa, tena saa za Kiswahili. Ukiandika 8:00, bibi atameza saa nane mchana, na kosa litakuwa lako. Mseto wa malaria kwa mtu mzima ni vidonge 4, mara 6, kwa siku 3. Aliyeanza saa tatu asubuhi arudie saa kumi na moja jioni, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata.

3. Uliza anakula nini. Mfugaji wa Kimaasai akimeza mseto kwa maziwa, mshukuru: mafuta huisaidia dawa kuingia mwilini. Akipewa doksisaiklini au siprofloksasini, maziwa yaleyale huifunga dawa isifyonzwe vizuri. Usimnyang'anye maziwa yake. Mpangie saa ya dawa na saa ya maziwa.

4. Ijue kalenda yake. Ramadhani haiji kwa kushtukiza. Dawa ya mara mbili kwa siku mara nyingi huweza kukaa kati ya futari na daku. Ya mara tatu haikai. Anayetumia insulini azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama. Ukimkemea kwa kufunga, atafunga vilevile, ila hatakwambia tena.

5. Usikunje uso. Uliza kwa upole, “Na miti shamba unatumia ipi?” Mwarobaini pamoja na dawa ya kisukari huweza kushusha sukari kupita kiasi. Mgonjwa akiona umenuna, atajibu hatumii chochote, nawe utaandika uongo kwa mwandiko mzuri.

6. Usiulize “Umeelewa?” Atasema ndiyo kwa heshima tu. Sema, “Hebu nieleze utakavyoitumia ukifika nyumbani.” Kidonge cha kuweka ukeni ukiona haya kukitaja, mgonjwa atakimeza.

Akikosea kueleza, anza upya wewe, kwa maneno mengine. Yaliyoshindwa ni maelezo yako. Foleni ni ndefu, naijua. Lakini mgonjwa aliyeondoka bila kuelewa hurudi kuirefusha foleni hiyohiyo, safari hii akiwa hoi zaidi.