Ukitaka Kusoma Pembe za Paris Ukiwa Musoma

Kwanza, angalia unapozungumzia somo lako, yaani pembe za tembo zilizochongwa Paris karne ya 13 na 14. Stendi ya Bweri si mahali pa kumwambia rafiki kwenye simu kwamba umepata pembe tatu safi, za mwaka 1300 hivi, tena moja ina Bikira Maria. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hizo ni nyara za Serikali, na askari aliye nyuma yako hana subira ya kuelezwa kwamba ulimaanisha picha. Sema "sanaa ya Ulaya", upite.

Vitabu? Raymond Koechlin, 1924, majalada matatu, Kifaransa kitupu. Nafuu ni kanzidata ya Taasisi ya Courtauld, London: haina kiingilio, gharama yako ni bando. Humo mna vibao vya sala, vitana na vifuniko vya vioo, vya mviringo, vinavyoenea kiganjani. Tafuta vile vya Ngome ya Mapenzi. Mashujaa wenye deraya wameizingira ngome, na mabibi walio juu ya minara wanawatwanga kwa maua ya waridi. Ngome haina dalili ya kudumu.

Epuka majibu ya mkato. Utaambiwa Maria amepinda kiuno kwa sababu pembe ilipinda. Yule wa Sainte-Chapelle, aliyeko Louvre, ana urefu wa sentimita 41, kwa hiyo kwake hoja ina mashiko. Lakini hata Maria wadogo, waliochongwa kwenye kipande kilichonyooka, wamepinda vilevile, na wa mawe pia. Ilikuwa fasheni.

Uzalendo nao uupunguze. Mtafiti Sarah Guérin ametetea hoja kwamba pembe za wachongaji wa Paris, karne ya 13 na 14, zilikuwa za tembo wa savana: zilisafirishwa kutoka pwani ya Waswahili, zikapita Bahari ya Shamu hadi Misri, kisha Mediterania. Ukisoma hayo utatamani kutangaza Bunda nzima kwamba Maria wa Louvre ni binti wa Serengeti. Usithubutu, pembe haina cheti cha kuzaliwa. Isitoshe, mkulima wa Hunyari aliyekesha na tochi na pilipili akiwafukuza tembo kwenye mahindi atakuuliza tu hao Wafaransa walikuwa wanahitaji tembo wangapi, na kama bado wanahitaji. Butiama ukimuulizia Bikira Maria, utaelekezwa kanisani.

Nunua lenzi. Pembe halisi, ikikatwa mkato wa kupita, huonyesha mistari inayopishana. Mfupa hauna, na kwa mamothi hupishana kwa namna nyingine. Zoea kuitafuta pichani. Ila ukifika kwa Waikoma, wanaotunza Machaba, pembe takatifu ambazo masimulizi yao husema zilitoka kwa mtabiri wa Kitatoga, lenzi hiyo iache kwenye gari. Wazee wakikuuliza unasoma nini, jibu lile la Bweri halitafaa. Waeleze ukweli, na uwe na muda wa kutosha, maana watataka kujua nani aliruhusu hizo za Paris zichongwe.