Ngeli za Jalada: Utangulizi wa Elimu ya Michakato katika Halmashauri ya Jiji

Usimamizi wa michakato ni elimu inayodai kwamba kazi yoyote ya ofisi inaweza kuchorwa kwa visanduku na mishale, na kwamba ikishachorwa itaona aibu na kwenda haraka. Nasaba yake ni ya heshima. Mwaka 1921 Frank na Lillian Gilbreth waliwaonyesha wahandisi wa Marekani michoro ya namna hiyo. Mwaka 1990 Michael Hammer akashauri kwamba utaratibu uliopitwa na wakati usitiwe kwenye kompyuta, bali ufutwe na kazi ipangwe upya. Katika ushauri huo, halmashauri nyingi zimeshika neno kompyuta.

Tuchukue kibali cha ujenzi Dar es Salaam, jiji ambalo utawala wake wenyewe umechorwa upya mara kadhaa. Baraza la jiji lilivunjwa 1996, ikaja Tume ya Jiji. Mwaka 2000 zikaanza manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, baadaye Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji, iliyokuja baada ya Tume, nayo ikavunjwa, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Kila mara visanduku vilihama na majalada yakafuata, mengine pengine bado yako njiani.

Katika mchoro, ombi la kibali hutoka masjala likaenda Ardhi, Mipango Miji, Afya, kwa Mhandisi, Zimamoto, kisha kwa mwombaji. Mishale yote ina urefu mmoja. Mchoraji hakuweka kisanduku cha kulala, na hapo ndipo utafiti wetu unapoanzia. Wanasarufi hupanga nomino kwa ngeli. Jalada la halmashauri nalo lina zake.

Ngeli ya kwanza ni Jalada Tembezi. Hili limeandikwa HARAKA kwa wino mwekundu na hubebwa na mhudumu anayejua ni la nani. Linaweza kuzunguka idara zote kabla ya chai ya saa nne. Ni adimu, lakini lina thamani kubwa kwa sayansi: linathibitisha kwamba njia inapitika.

Ngeli ya pili ni Jalada Lalizi, na majalada mengi ni ya ngeli hii. Hulala kwenye trei, chini ya jalada lenzake, au ndani ya droo ambayo ufunguo wake umesafiri kikazi kwenda Dodoma. Jamii yake mashuhuri ni Lalizi-kaimu, linalopatikana ofisi ambayo mwenyewe yuko semina na anayemkaimia ameachiwa mamlaka yote isipokuwa ujasiri wa kusaini. Kaimu hulisoma, huguna, huandika “tuonane” pembeni, kisha hulirudisha lilipokuwa. Kisheria limeshughulikiwa.

Kuhusu ngeli hii hesabu ipo, na haitaki mshauri mwelekezi. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni inayobeba jina lake: wastani wa vitu vilivyo kwenye foleni ni sawa na idadi inayotoka kwa siku mara wastani wa siku ambazo kila kimoja hukaa. Kama majalada 300 yako ofisini na yanatoka 10 kwa siku, kila moja litakaa siku 30 kwa wastani, hata afisa awe malaika. Tuseme kulisoma jalada na kulisaini ni kazi ya dakika kumi. Majalada kumi ni chini ya saa mbili, na siku iliyobaki imeliwa na vikao. Kwa hiyo halmashauri inayofupisha fomu kutoka kurasa sita hadi nne, huku vikao vikibaki vile vile, itapata fomu fupi itakayolala siku 30.

Ngeli ya tatu, Jalada Mzimu, haihitaji maneno mengi. Rejista ya masjala inasema limekwenda kwa Mhandisi. Daftari la Mhandisi linasema limerudi. Dawa yake ni kufungua jalada la muda, ambalo hukua na kunenepa hadi siku lile la asili linapoibuka nyuma ya kabati. Hapo huanza mchakato mpya wa kuyaunganisha, ambao haumo katika mchoro wowote.

Ngeli ya nne ni Jalada la Skrini, na hapa mtafiti lazima atende haki. Mfumo wa serikali wa malipo kwa namba, ulioanza 2017, umefanya jambo la maana: umemwondoa mwananchi kwenye dirisha la mhasibu, akalipa kwa simu au benki. Ulifuta kisanduku badala ya kukipaka rangi. Jalada la Skrini la mtindo mbaya hufanya kinyume. Huchapishwa ili ligongwe muhuri, huskaniwa ili lirudi kwenye mfumo, na hivyo hupata uwezo wa kulala mahali pawili kwa wakati mmoja.

Kuingia kwa elimu hii katika halmashauri nako kuna utaratibu wake. Huanza kwa warsha nje ya mji, posho, na karatasi za rangi zilizobandikwa ukutani. Wakuu wa idara hueleza kazi inavyokwenda kwa mujibu wa kanuni, mshauri huichora, na kila mchakato hupewa mmiliki. Mmiliki huyo hana amri juu ya idara ya jirani, kwa hiyo anamiliki chumba, na njia inabaki haina mwenyewe. Mchoro pia huanza pale “mwombaji anapowasilisha maombi”, kana kwamba mwombaji alizaliwa na nakala tatu mkononi. Barua ya serikali ya mtaa, mtendaji aliyeitwa kata, mashine ya fotokopi iliyokatikiwa umeme, vyote viko nje ya karatasi kwa sababu si muda wa serikali unaopotea pale.

Wasioalikwa warshani ni karani wa masjala na mhudumu wa ofisi, watu wanaojua kila jalada limelala wapi na kwa nini.

Basi, ndugu Mkurugenzi, kabla hujasaini mkataba wa mshauri, chagua Ijumaa moja saa tisa alasiri. Mtume karani wa masjala apite kila ofisi, ahesabu majalada yaliyolala na aandike tarehe kila moja lilipoingia. Jumatatu ibandike karatasi hiyo mlangoni kwako, mpe karani mamlaka ya kuwauliza wakuu wa idara, na umlipe posho ya warsha.