Mkopo Hauna Riba, Kikundi Ndicho Chenye Riba

Mkopo wa halmashauri hauna riba. Maneno hayo nimeyasikia kwenye mikutano ya mtaa, redioni, na kwa jirani ambaye hajawahi kukopa hata chumvi. Ni kweli tupu. Kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu wenyewe ni wa zamani, ila mwaka 2018 uliingizwa kwenye sheria, haukuachiwa tena huruma ya mtu. Wasichokisema ni kwamba, ukiwa mwanamke, hupewi wewe. Kinapewa kikundi. Na kikundi, ndugu msomaji, kina riba yake.

Mimi nauza dagaa. Nanunua soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, au kwa akina mama wanaoanika Igombe na Kayenze, nachambua, nakaanga, natia kwenye pakiti, nazungusha maofisini na stendi. Mtaji ulikuwa wa kubangaiza, na waliokuwa tayari kuuongeza upesi ni wale wa kausha damu. Hao hawana maneno mengi: kitambulisho, picha ya friji, picha ya godoro, saini. Saa sita umeomba, saa nane umepata, na wiki inayofuata kijana wa pikipiki amekaa barazani kwako anawaita watoto wako kwa majina. Jirani mmoja alibebewa runinga siku ya mechi ya Simba na Yanga. Mtaa mzima ulimlilia, maana ndiyo tuliyokuwa tukitazamia wote.

Nikachagua halmashauri.

Walitaka wanawake kuanzia watano, wasio na ajira rasmi, wenye mradi unaoonekana. Watano si wengi, utasema. Haya, tafuta wanawake watano wanaoaminiana kwa pesa, wasiodaiana kitenge, na asiwepo hata mmoja aliyemsema mwenzake kwa wifi yake. Tukapatikana hivyo hivyo. Kikao cha kwanza kiliishia kwenye jina. Mmoja alitaka Upendo, mwingine Mshikamano, wa tatu akasema kikundi kisichomtaja Mungu yeye hakisainii. Mwishowe tukayaweka yote, na fundi alipomaliza kuuchonga mhuri, ukigongwa unajaza nusu ya karatasi. Katiba ikawa na faini ya Sh 1,000 kwa anayechelewa kikao. Aliyeipendekeza ni mwenyekiti, na ndiye mdaiwa sugu wa kikundi mpaka leo.

Kufungua akaunti nako kulikuwa na vituko vyake. Benki walitaka namba ya NIDA na alama za vidole. Katibu wetu amekwangua magamba ya sato tangu akiwa binti. Mashine ilikitazama kidole chake ikasema hapa hakuna mtu. Akanawa, akapaka mafuta, akajaribu kidole kimoja baada ya kingine. Mweka hazina kwa kumhurumia akachomoa kitambulisho chake mwenyewe cha mjasiriamali, kile cha Sh 20,000 kilichoanza kugawiwa mwishoni mwa 2018 enzi za Rais Magufuli, ambacho amekitunza ndani ya Biblia. Dada wa benki alikipokea kwa mikono miwili, akakisoma mbele na nyuma, akamrudishia kwa heshima zote. Aliyetuokoa ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho nadhani hakijawahi kufanya kazi yoyote.

Andiko la mradi tulilipeleka steshenari. Kijana wa pale ana andiko moja zuri sana, nusu ya wajasiriamali wa kata yetu wanalitumia. Kazi yake ni kubadilisha jina la mradi tu. La kwetu alitoa neno kuku akaweka dagaa, kompyuta ikamtii kila ukurasa. Afisa maendeleo ya jamii akatusomea kwa sauti: dagaa wetu wangechanjwa kideri wakiwa na siku saba, wangewashiwa taa usiku, wangeanza kutaga mwezi wa tano, na majogoo wangeuzwa Krismasi. Yule mama ni mtu mzima. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wanangu," akasema, "hilo la taa usiku angalau lina ukweli."

Tuliliandika upya wenyewe, kwa kalamu, mezani kwa katibu, na nakiri jioni ile ilikuwa na faida kuliko mafunzo mengi ya ujasiriamali yenye soda. Kila mmoja alitaja bei ya kitu anachokijua. Ikagundulika kwamba mafuta ya kukaangia yalikuwa yanakula fedha kuliko dagaa wenyewe, na kwamba pakiti ndogo, ile inayopendwa, tulikuwa tunaiuza kwa hasara na tabasamu.

Andiko likakamilika. Ikawa Aprili 2023. Wenye kumbukumbu washaanza kucheka. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ilikuwa imeanika madudu ya mikopo hiyo, vikundi hewa vikiwemo, na Serikali ikaisimamisha nchi nzima ili utaratibu utazamwe upya. Vikundi visivyo na watu vilikuwa vimekwisha kupata; sisi wenye miili, vidole na mhuri wa nusu karatasi tukaambiwa tusubiri. Sina ugomvi na uamuzi ule, ulistahili. Ningependa tu kujua kikundi hewa kiliwezaje kumaliza mjadala wa jina.

Katika kusubiri, mawazo hupotea. Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alipokuja Mwanza kuzindua ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya samaki kwa mkopo nafuu, mweka hazina alirudi mtaani macho yakiwaka. Kwa nini tuhangaike na dagaa wa watu, akauliza, tusichukue boti yetu? Tukaanza kupanga nani atakuwa nahodha, tukafika mpaka rangi ya boti. Ndipo ilipobainika kuwa kati yetu wote hakuna anayejua kuogelea, na mwenyekiti hutapika hata kwenye kivuko cha Kamanga.

Mikopo ilirudi mwaka huo huo kwa utaratibu mpya: halmashauri kumi za majaribio zikapangiwa kupitishia fedha benki, nyingine zikabaki na utaratibu ulioboreshwa, wenye uhakiki mkali zaidi. Uhakiki maana yake watu wanakuja kuona kwa macho kama kweli mpo na mradi upo. Wakaja. Wakaja wakati wa mbalamwezi.

Hapa niwaeleze wasomaji wa mbali na ziwa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Wanaifuata taa, nyavu zinawazoa. Mwezi ukijaa, taa ya mvuvi inakosa mvuto, mitumbwi inalala ufukoni, wavuvi wanashona nyavu na kukumbuka kwamba wana familia. Mwaloni panapooza na bei inapaa. Kwa hiyo wageni wetu walikuta chanja tupu, sufuria limefunikwa, na wanawake watano waliovaa sare wakiwa wamekaa kwenye mkeka.

"Dagaa wako wapi?" akauliza kijana mwenye daftari.

"Wapo ziwani, baba," akajibu mweka hazina.

Kijana akaandika kitu. Nilitamani kukiona. Bahati yetu yule mama wa maendeleo alikuwepo, mzaliwa wa kando ya ziwa, akamwonyesha mwenzake angani na kumfafanulia kwa Kisukuma mambo ambayo hayamo kwenye fomu. Wakarudi siku za giza zilipoingia, wakakuta dagaa mpaka kwenye paa la choo.

Fedha zilipoingia hatimaye, mmoja wa watia saini alikuwa amevuka kwenda Ukerewe kwenye msiba wa shemeji yake, na simu imezima. Matanga ya Ukerewe hayana haraka. Tulikuwa na mamilioni benki na hatukuwa na nauli ya kwenda kuyaangalia. Mwenyekiti alipendekeza faini.

Tunalipa sasa, na tunalipa vizuri. Kausha damu hawajarudi barazani kwangu. Wanawake wale nimegombana nao wote kwa zamu, na hakuna mmoja ambaye leo ningembadilisha, isipokuwa mwenyekiti siku za kikao. Anayetaka kuanza namshauri amtafute kwanza katibu anayejua kuandika, ndipo aulizie fomu kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yake.

Ombi langu ni moja, kwa wanaopanga ratiba za marejesho ya wauza dagaa wa Ziwa Victoria. Tarehe za kalenda ya ofisini zinatudondokea mara nyingi katikati ya mbalamwezi, wakati ambao Mwaloni nzima haina hela. Wekeni marejesho mwishoni mwa giza, mtatukuta tumepanga foleni.