Gundi Inayojua Kuachia

Gundi ya haidrojeli ni wavu wa molekuli ndefu ulioshiba maji, laini kama jeli, unaoweza kushika na kuachia kwa amri: joto, mwanga au chumvi. Kazi yake mojawapo ni kuhamisha saketi nyembamba kuliko unywele kutoka kwenye bamba zilikotengenezwa hadi kwenye ngozi au jani bila kuzichana. Selotepu haiwezi. Ikibanduliwa huondoka na kipande cha ilichokalia, kama baadhi ya wakalia viti.

Huko Kigongo, kando ya Ziwa Victoria, jambo hili si geni kama maabara zinavyodhani. Mabondo ya sangara, yanayokaushwa na kupelekwa China kwa bei inayoucheka mnofu wa samaki mwenyewe, yamejaa kolajeni. Yakichemshwa hutoa jelatini: ikipoa hugandisha, ikipashwa moto huachia. Haidrojeli tiifu, basi, imekuwa ikiogelea ziwani bila kuomba ruzuku ya utafiti.

Aina moja ya haidrojeli ya maabara, yenye jina refu kuliko foleni ya kivuko (foleni iliyozikwa tarehe 19 Juni 2025, Daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa), husinyaa na kutema maji ikifika nyuzi joto 32 hivi. Chumbani penye kiyoyozi hiyo ni sifa. Chini ya bati la kibanda cha fundi simu, saa saba mchana, gundi hiyo itakuwa imeshasinyaa fundi akiwa bado anapuliza vumbi kwenye kioo, na mteja ameshalipa.