Mwongozo wa Kununua Mahindi kwa Macho

Hongera kwa kuamua kwenda sokoni mwenyewe. Usibebe kifaa chochote. Macho na meno yametosha kwa wote waliokutangulia, au angalau kwa wale waliobaki kusimulia.

Kwanza, angalia rangi. Ukiona vumbi la kijani kwenye punje, umekutana na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Kunja uso, omba upunguziwe bei. Kama ana sumu au hana, usiulize, maana huwezi kuona. Jeni zake za kutengeneza sumukuvu, yaani aflatoksini, zimepangana karibu na ncha ya kromosomu ya tatu, kati ya nane alizonazo, na ncha za kromosomu hazina utulivu: hukatika, hupotea, hupangwa upya. Kwa hiyo shamba moja linaweza kuwa na kuvu mwenye mtambo kamili wa sumu, ndugu yake aliyebakiwa na nusu, mwingine asiye na hata jeni moja ya kazi hiyo, na yule mwenye jeni zote ila herufi moja tu imekosewa na mtambo umezimika. Wote ni wa kijani. Chagua kwa makini.

Pili, tafuna punje. Ikilia "ka!", tangaza kwamba imekauka. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, lakini usimtajie muuzaji namba. Ni kumvunjia heshima. Ipo pia njia ya chumvi: tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, uone kama chumvi inaganda kwenye kioo. Hiyo utaifanya nyumbani, ukishalipa. Kumbuka tu kwamba mahindi yakipigwa na ukame kuvu huanza kazi yakiwa bado shambani, na meno yako hayakuwepo.

Tatu, shuhudia bambo likichomwa guniani kutoa sampuli ya kupimwa. Sumu haisambai sawasawa. Punje chache huweza kubeba karibu yote iliyomo guniani. Ndiyo maana bambo huchomwa mara moja, pale mkono ulipofika. Kikomo ni sehemu 10 za aflatoksini kwa bilioni. Ukisomewa 9, shukuru na uondoke haraka. Usiombe lichomwe upande wa pili.

Nne, chambua mabovu, kisha usiyatupe. Hakuna anayetupa. Kuna kuku, kuna mpika pombe, kuna ng'ombe. Ng'ombe hatalalamika: ataibadilisha sumu kidogo na kukurudishia ndani ya maziwa. Yaliyobaki, yakishasagwa, songa ugali, upike hadi mkono uchoke. Moto wa jikoni hauitishi aflatoksini.

Tano, akitokea mwenye wasiwasi, mwambie, "Mbona tumekula haya miaka yote?" Hoja hii haijawahi kushindwa barazani. Ilikuwa nzuri hadi mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya, walipougua watu 317 na kufa 125, wengi wao kwa mahindi waliyoyalima wenyewe na kuyahifadhi yakiwa na unyevu. Kuvu aliyekutwa ametawala huko ni wa aina inayounda vichembe vidogo vigumu, mzalishaji hodari wa sumu. Naye ni wa kijani. Useme kwa sauti ya kujiamini.

Sita, mcheke jirani anayenunua kuvu na kuwamwaga shambani. Wataalamu walitafuta wale wasioweza kutengeneza sumu, wakawapaka kwenye punje za mtama. Nchini Kenya hutengenezwa Katumani, kwa jina la Aflasafe KE01. Humwagwa kilo 4 kwa eka, wiki 2 hadi 3 kabla mahindi hayajatoa maua. Kuvu hao hawaui wenzao wenye sumu. Wanawahi nafasi tu, kama abiria aliyeingia matatu ikiwa tupu. Mahindi ya jirani huyo yakifika sokoni dalali atayamwaga kwenye rundo moja na yako, bei moja. Mcheke tena.

Mwisho, peleka mashineni, yakobolewe na kusagwa. Unga mweupe hauna punje ya kukaguliwa, hivyo macho yako yako huru. Tunza risiti. Hukupewa risiti.