Paa la Kukunjwa na Vumbi la Matongo
Jaguar E-Type, gari la michezo la Uingereza lililozinduliwa Geneva mwaka 1961, lilitolewa kwa sura mbili, yaani la wazi, ambalo paa lake la turubai hukunjwa ili dereva apigwe upepo, na la kufunikwa, ambalo paa lake la chuma limeungana na bodi. Na wapenzi wake hadi leo hubishana lipi bora. Huko Matongo, wilayani Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ubishi huo ni mwepesi: la wazi huitwa bodaboda, ambayo abiria wake hushuka na rangi ya barabara hadi kwenye kope, na la kufunikwa huitwa bajaji, ambayo humfikisha na rangi ileile, ila kivulini.