Kaptura ya Sponji

Jamaa yetu kanunua baiskeli ya milioni 2, kisha akaenda mitumbani Karume kubembeleza kaptura ya baiskeli, ile ya sponji makalioni, ishuke kutoka 15,000 hadi 7,000. Akaipata. Sponji nene kama mto wa kochi, ila ukiibonyeza, kidole kinagusa upande wa pili. Tukanyamaza. Tukaanza safari ya Bagamoyo. Kufika Bunju, sponji ilishalala kama chapati. Mbele zaidi, mwenzetu anaendesha amesimama. Kumbe ndani kavaa na chupi ya mshono mnene, eti heshima. Kaptura hiyo huvaliwa peke yake, bwana! Tukapishana na muuza mkaa kwenye baiskeli, magunia matatu nyuma, suruali ya kitambaa, anapiga mluzi. Kurudi, jamaa alipanda daladala. Akasimama, na viti vipo.